Neno Moja Kizingitini Thrussby

Nyumba yetu ilikuwa kando ya lango la maji la Thrussby, pale mashua za mto Soar zinapoinuliwa na kushushwa, na dirisha la jiko langu lilitazama kizingiti. Mume wangu, Pask, aliajiriwa kutunza malango na kingo. Mimi niliwauzia wavuvi chai kupitia dirisha hilo, na kupitia dirisha hilohilo niliwauzia funza wa chambo. Walinitania kila wiki: "Bi Hilda, angalia usikosee kopo." Sikukosea hata siku moja, ingawa walikuwapo waliostahili nikosee.

Wavuvi wetu hawakuvua ili wale. Walikuwa watu wa viwanda vya soksi na viatu, waliopigiwa kelele na mashine wiki nzima, na Jumapili wakaja kukaa kimya kando ya maji. Samaki akitoka walimpima, wakamsifu au wakamtukana, kisha wakamrudisha mtoni taratibu kama mtoto anayelazwa kitandani. Kwetu ilikuwa dini ya pili. Kwa wengine, ya kwanza.

Horace Freer alikuwa fundi wa mashine za soksi. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka kwa kuinamia vyuma, na goti lake la kulia liliharibika siku mashine ilipoliangukia. Hakuoa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipokufa, kisha akaishi na viti vya mama yake. Na alikuwa na ulimi. Horace aliwatukana watu aliowapenda tu. Asiyempenda alimwamkia kwa heshima zote. Ukisikia amekuita pumbavu, ujue umekuwa ndugu.

Aliyetukanwa kuliko wote alikuwa Lionel Orton. Walikaa dawati moja shuleni, wakaingia kiwandani mwaka mmoja, Horace kwenye mashine, Lionel kwenye chumba cha rangi. Ukitaka kujua wiki hiyo kiwanda kinatoa soksi za rangi gani, ulitazama kucha za Lionel. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na akivua aliimba nyimbo za kanisani bila kupata sauti hata moja sawasawa.

"Lionel, nyamaza," Horace alikuwa akimwambia. "Samaki wanahama."

"Wanakuja kusikiliza."

"Wanakuja kukuzika."

Kisha walikuwa wakija dirishani pamoja. "Chai mbili, Hilda. Ya huyu tia sukari nyingi, labda itapanda kichwani akapata akili."

Mke wa Lionel aliitwa Mavis. Hawakujaliwa watoto. Mavis alikuwa mwanamke mnyoofu, asiyependa maneno mengi, mwenye mikono isiyotulia: kama hafumi, anamenya, kama hamenyi, anapalilia. Horace alimwita shemeji, na kila Jumapili jioni alikula kwao nyama ya kuoka na viazi, akakosoa mchuzi, akaongezwa.

Kizingiti cha Thrussby ni ukuta wa mawe uliokatiza mto mshazari. Maji huupanda, yakaangukia upande wa pili, na hapo chini yamechimba shimo refu lenye povu. Humo ndimo chabu wakubwa hukaa, samaki wanene wenye vichwa vipana na midomo myeupe. Maji yakiwa machache, mtu mwenye viatu vya mpira aliweza kutembea juu ya ukuta ule, maji yakamfikia kifundoni. Mshipi wa Horace ukinasa, Lionel ndiye aliyekwenda kuunasua, kwa sababu ya lile goti. Alifanya hivyo mara mia.

Tarehe kumi na nne Machi, mwaka sabini na moja, ilikuwa Jumapili na siku ya mwisho ya msimu. Baada yake mto hufungwa mpaka Juni, samaki wazae. Chama cha wavuvi kilitoa chupa ya wiski kwa samaki mzito kuliko wote siku hiyo. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, na juu ya ukuta yalifika katikati ya muundi.

Nilikuwa nikioka keki, zikaungua, nikafungua dirisha moshi utoke. Ndiyo maana nilisikia kila neno kana kwamba linatoka redioni.

Horace alikuwa amenasa chabu. Wavuvi wengine walikwisha kufunga vitu vyao, wako upande wa mashua. Samaki alikimbilia kwenye tawi la mti lililokwama katikati ya kizingiti, mshipi ukajizungusha, ukakaa.

"Lionel, nenda kanifungulie. Bado yupo, namsikia mkononi."

"Maji yamepanda, Horace. Kata mshipi."

"Nikate! Samaki wa mwaka huyu, nikate?"

"Basi nenda mwenyewe."

"Na goti hili? Sema tu umeogopa. Au siku hizi Mavis amekufumia sketi?"

Lionel akacheka. "Mavis hajui kufuma sketi. Anajua soksi tu, na hata hizo hazilingani."

Na mimi nilicheka, huko jikoni. Nilimwona akivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kikapu chake. Akapanda ukutani, mikono ameitandaza. Nikageuka kutoa trei ya pili kabla nayo haijaungua. Nilipogeuka tena, juu ya ukuta hapakuwa na mtu.

Horace alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, ameunyoosha wavu wake wa mpini mpaka mwisho wa mkono. Lionel aliudaka. Nilimwona kwa macho yangu ameshika ile duara ya chuma kwa mikono miwili, kichwa chake kikizama na kuibuka. Duara ile huingizwa kwenye mpini kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Maji yakaizungusha upande wa kufungua. Horace akabaki na mpini.

Pask alikuja mbio na kamba na boya. Alirusha mara mbili. Mara ya tatu hapakuwa na wa kumrushia.

Walimpata siku ya tano, kwenye lango la chini yetu. Horace alilibeba jeneza kwa bega lile lililoshuka, akalazimika kutembea kwa ncha za vidole ili lisilale upande mmoja.

Kabla ya mazishi kulikuwa na kikao cha kuchunguza kifo. Hakimu alikuwa mtu mpole. Alimwuliza Horace, "Marehemu alikwenda juu ya ukuta kwa hiari yake?"

"Ndiyo, bwana," Horace akasema. "Siku zote alikuwa akienda."

Ulikuwa ukweli uliokatwa mguu. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Pask aliitwa kutoa ushahidi, mimi sikuitwa. Mavis alikaa mbele yangu, mkoba magotini, na niliiona shingo yake ikiwa wima kama ya mtu anayepimwa urefu. Nikajiambia: kuna faida gani? Neno la mzaha halimrudishi mtu. Nikanyamaza, na aliyenyamaza siku ya kwanza huona siku ya pili ni rahisi zaidi.

Watu walidhani Horace ataacha kuvua. Tarehe kumi na sita Juni, mto ulipofunguliwa, nilimwona dirishani.

"Habari za asubuhi, Bi Hilda. Naomba chai, tafadhali."

Nilimtazama. Tangu nimfahamu hajawahi kuniambia tafadhali. Na kuanzia siku hiyo alikuwa hivyo kwa kila mtu, mpole, mnyenyekevu, habari za asubuhi na ahsante sana. Wageni walimsifu kwa adabu zake. Sisi tuliomjua tulitamani angalau atutukane mara moja.

Hakukaa tena kizingitini. Alikaa chini ya lango, penye maji yaliyolala, akavua samaki wadogo wenye mapezi mekundu, akiupa kizingiti mgongo.

Siku zisizo za kuvua alikuwa kwa Mavis. Alimpasulia kuni, akamzibia bati la banda, akampogolea mawaridi, akalima kile kipande cha shamba Lionel alichokodi nyuma ya reli. Jumapili aliendelea kula kwake, lakini mchuzi hakuukosoa tena. Mwaka ukapita, ikapita mitano, ikapita kumi. Mjini watu waliacha kunong'ona na kuanza kuuliza waziwazi harusi itakuwa lini.

Oktoba ya mwaka themanini na mbili alikuja siku ya kazi, mvua inanyesha, bila fimbo ya kuvulia. Nikamwingiza jikoni. Alikaa na kofia yake mkononi akiizungusha.

"Shemeji ameniuliza jambo," akasema.

"Jambo gani?"

"Anasema watu wazima wawili wanapasha moto nyumba mbili, ni ujinga. Anasema nihamie. Tukaandikishe ndoa, watu wasiseme."

"Na wewe unasemaje?"

Alitazama dirishani, kule alikokwepa kutazama miaka kumi na moja.

"Hilda, siku ile dirisha lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyesikia mlio mbaya wa mashine na tangu zamani alijua ni chuma gani. "Nilikuwa nikiuona moshi ule katika ndoto," akasema. "Moshi unatoka dirishani. Nikiamka najiambia, penye moshi palikuwa na mtu."

"Unampenda, Horace?"

"Tangu kabla ya Lionel. Lakini Lionel alijua kuimba."

"Hakujua."

"Hakujua," akakubali, na nusura acheke. Kisha akafunika uso kwa kofia.

Nilimwambia amwambie. Nilisema, "Usimjibu kabla hujamwambia. Huwezi kulala kwenye kitanda cha mtu juu ya neno kama hilo." Nilisema kwa uhakika wote wa mtu ambaye si yeye anayekwenda. Nimejiuliza mara nyingi baadaye. Huenda nilitaka atue mzigo wake. Huenda nilitaka kutua wangu.

Alikwenda Jumapili ile, kabla ya chakula. Yaliyosemwa nimeyasikia kwa Horace, na baadaye nikayasikia kwa Mavis, na hayakutofautiana.

Alisimama jikoni kwa Mavis, hakukaa. Alimwambia lile neno la sketi kama lilivyokuwa. Akamwambia na ya wavu, kwamba duara hakuikaza kwa sababu asubuhi ile vidole vilikuwa na baridi. Akamwambia na alivyomjibu hakimu. Mavis alikuwa akimenya karoti. Aliendelea kumenya mpaka akaimaliza iliyokuwa mkononi.

"Kwa nini unaniambia leo?" akauliza.

"Kwa sababu ya ulichoniuliza, shemeji. Sikutaka uolewe na uongo."

"Miaka kumi na moja," Mavis akasema, "nilikuwa na hasira na mto. Mto hauna habari. Niliweza kuishi nayo. Sasa unataka nimkasirikie nani? Wewe ndiye mtu pekee anayeingia mlango huu."

"Nilidhani ni haki yako kujua."

"Ilikuwa haki yangu mwaka ule. Leo ni haja yako."

Akamfungulia mlango. Nyama ilikuwa bado kwenye oveni. Kesho yake Horace alikuta jembe lake, skafu yake na mkasi wake wa mawaridi mlangoni kwake, vimefungwa vizuri kwa kamba.

Alikwenda tena Jumapili iliyofuata, na nyingine. Aligonga, akangoja, akarudi. Mavis alikuwa ndani, pazia lilitikisika. Ilipofika Krismasi akaacha kugonga. Aliniambia, "Mtu akikufungia mlango, kumgongea ni kumfanya afunge kila siku." Mawaridi ya Mavis, bila wa kuyapogoa, yaliota marefu, yakaangukia njiani.

Mavis alikuja kwangu Machi. Sikumtarajia, tangu mwaka ule hakuwahi kukanyaga pale. Alisimama upande wa nje wa dirisha kama mteja.

"Nawe ulisikia," akasema.

"Ingia ndani, Mavis."

"Siingii. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Uliniletea keki. Kila mwaka, tarehe ya kuzaliwa kwake, uliniletea keki, ukakaa sebuleni kwangu ukala nami."

"Nilikaa."

"Dakika za mwisho za mume wangu mlikuwa nazo nyinyi wawili," akasema. "Mmezigawana. Mimi nikaachiwa koti."

Nilisema naomba unisamehe, na nilipolisikia likitoka lilikuwa neno dogo, kama senti moja juu ya meza kubwa.

Alishika ubao wa dirisha. Maji yalikuwa yakiunguruma nyuma yake, na nilimwona akijilazimisha asigeuke.

"Horace anasema Lionel alicheka. Nikamwuliza alisema nini, akasema hakumbuki, kwamba kuanzia pale hakumbuki kitu ila wavu. Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi nipe."

Nikampa. Nikasema kama Lionel alivyosema: "Mavis hajui kufuma sketi. Anajua soksi tu, na hata hizo hazilingani."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipomwona uso. Alikuwa akifanya yote mawili. "Hazikulingana," akasema. "Kweli hazikulingana. Kila jozi. Nilikuwa nikizivuta za mguu wa kushoto zifikie za kulia." Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamzunguka. Hakuniruhusu nimkumbatie, lakini aliniruhusu nisimame karibu.

Kwa Horace hakwenda. Nilijaribu kumtajia mara mbili tatu, akabadilisha maneno. Mwaka huohuo Horace alistaafu. Pamba na vumbi la kiwanda vilikuwa vimemkaa kifuani miaka arobaini na sita, na sasa vikadai nafasi. Alikuja mtoni msimu mmoja zaidi, akipumzika mara tatu njiani. Kisha Pask akawa anampelekea magazeti ya uvuvi nyumbani, na kumkuta ameketi kwenye kiti cha mama yake, fimbo zake zote zimepakwa mafuta na kuegemezwa ukutani kwa mpangilio.

Februari ya themanini na sita walimpeleka hospitali Leicester. Nilimwambia Mavis kwa simu. Akasema, "Sawa," akakata.

Siku ya pili yake nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikamwona anaingia, amevaa kofia yake ya kanisani, mkoba mkononi. Nikainuka niondoke. "Kaa," akaniambia. "Ulisikia mengine, sikia na haya."

Horace alifumbua macho. Alijaribu kujiinua, kwa adabu ile ile.

"Lala," Mavis akasema. "Sijakusamehe, Horace."

"Najua, shemeji."

"Nimejaribu. Haiji. Nikifika karibu nakiona kikao kile na wewe umesimama umevaa tai ya Lionel, ile niliyokupa mimi."

"Najua."

"Lakini nimekuja."

"Umekuja," akasema. Alipumua mara kadhaa kabla hajaweza kuendelea. "Inatosha, shemeji. Zaidi ya hapo ningekuwa mwizi."

Mavis akavuta kiti. Akatoa kwenye mkoba chungwa, akalimenya, akayatoa yale manyuzi meupe moja moja mpaka kila kipande kikawa safi, akampa kimoja kimoja. Vitatu alivila. Kisha akalala, na Mavis akavila vilivyobaki, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa chakula. Alikuja tena Jumanne na Ijumaa. Hawakuzungumza mengi, viazi, bei ya makaa, nani kafa kanisani. Jumapili alfajiri wauguzi wakanipigia simu mimi, kwa kuwa jina langu ndilo Horace alilowapa, na mimi nikampigia yeye.

Tulimzika watu tisa. Chama cha wavuvi kilitaka kumwekea benchi kizingitini, lenye jina lake. Mavis alikwenda kwenye mkutano wao, yeye ambaye hakuwahi kuingia humo, akawaambia fedha za benchi ziweke uzio wa chuma mwanzoni mwa ukuta, mtu asiweze kupanda. Wakaweka. Ni uzio wa kawaida, umepakwa rangi ya kijani, na vijana wanaokuja siku hizi wanaulalamikia kwa sababu unawazuia kurusha mishipi vizuri.

Nyumba ya Horace nayo ilikuwa na mawaridi, yakang'olewa na waliohamia. Pask naye amekwisha kunitangulia, na mimi nimehamia mjini, mitaa miwili kutoka kwa Mavis. Huwa nakwenda kwake Alhamisi. Hatukurudi kuwa kama zamani, lakini tunakaa.

Alhamisi moja alikuwa akimenya viazi, mimi nakausha vyombo, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Hilda, unadhani angekuwa mume mwema?"

Nilifikiri kama nimfariji au nimwambie kweli, nikaona safari hii ni kitu kimoja.

"Angekuwa," nikasema.

"Najua," akasema, akachukua kiazi kingine.